Mjusi wa Tendaguru, jongoo wa mita mbili na nusu, na samaki wa babu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Lindi. Kijana wangu wa darasa la tano ameona video kwenye simu ya mjomba wake inayosema kwamba zamani kila mnyama alikuwa jitu, na kwamba dunia imechoka ndiyo maana wa leo ni wadogo. Ameniuliza mambo matatu na yote yamenishinda. Kwanza, kwa nini wanyama wa kale walikuwa wakubwa hivyo? Pili, yule mjusi wetu wa Tendaguru aliyeko Ujerumani ndiye mkubwa kuliko wanyama wote waliowahi kuishi? Tatu, baba yangu ni mvuvi, naye anasema Songo Mnara na Tanga wamewahi kuvua samaki wa enzi za dinosaria akiwa hai. Mtoto anasema babu anamtania. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na unisalimie mzee wako. Nianze na la tatu kwa kuwa linagusa heshima ya mtu mzima: babu hamtanii mtoto. Samaki huyo yupo, anaitwa silikanti, na Songo Mnara alinaswa kweli. Habari zake nitazirudia mwishoni, maana ndizo nizipendazo kuliko zote, na nikizitanguliza sitafika kwa mjusi.

La pili, jibu fupi ni hapana. Refu ni hili.

Tendaguru ni kilima, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wenu. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta huko mifupa mikubwa imechomoza juu ya ardhi baada ya mvua na upepo kuula udongo. Vitabu husema "aligundua"; wenyeji walikuwa wakipita hapo miaka yote. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu wa visukuku, Eberhard Fraas, akathibitisha kwamba ni dinosaria, na kuanzia 1909 hadi 1913 Makumbusho ya Asili ya Berlin ikafanya uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig.

Angalia tarehe hizo vizuri. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, na kusini nzima ilikuwa imetoka kwenye njaa. Watu waliochimba, ambao msimu mwingine walifika 500 hivi, walikuwa wametoka katika maafa hayo. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi wa kuitoa mifupa kwenye udongo mgumu bila kuivunja, na sehemu kubwa ya kinachoonekana Berlin leo ilipita mikononi mwake na mwa wenzake. Hakukuwa na reli wala barabara ya gari. Mzigo ulikwenda kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, safari baada ya safari, hadi zikatimia zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa. Mwambie mjukuu wangu kwamba maajabu ya Tendaguru ni mawili, na mjusi ni mmojawapo tu.

Mjusi mwenyewe, kwa jina la kitaalamu, ni Giraffatitan brancai, yaani twiga-jitu. Janensch alimpa jina mwaka 1914 akimhesabu ndugu wa Brachiosaurus wa Marekani. Baadaye ikaonekana tofauti zao zinatosha kumpa jina lake mwenyewe. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mifupa yake ilisimamishwa Berlin mwaka 1937 na ikapangwa upya mwaka 2007, na kwa mpango wa sasa kichwa kimefika mita 13.27 kutoka sakafuni. Ukitaka mtoto aione namba hiyo, usimwambie ghorofa ngapi. Mpe kamba, apime hatua kubwa 13 na kidogo kwenye uwanja wa shule, alale mwisho wa kamba, halafu aifikirie imesimama wima. Twiga dume mrefu anafika mita 5 na nusu. Waweke wawili mmoja juu ya mwingine, na bado hawamfikii.

Na huyo wa Berlin hakuwa mkubwa wa ukoo. Kuna mfupa wa mguu kutoka Tendaguru hiyohiyo unaouzidi wa kwake kwa karibu asilimia 13. Sasa suala la kumrudisha nyumbani sitaliingia leo, lina wenyewe. Ila tangu nikiwa kijana nimekuwa nikishangaa kwamba mtoto wa Lindi anaweza kumaliza shule bila kuona hata mfano wa plasta wa mnyama aliyebebwa na babu wa babu yake.

Kwa uzito, wanaomkadiria humweka kati ya tani 30 na 40 hivi, sawa na matembo madume sita au saba. Hapo ndipo hesabu ya "mkubwa kuliko wote" inapoanza kumshinda. Huko Patagonia, Argentina, kumechimbwa jamaa zake wa mbali waliomzidi: Argentinosaurus aliyetangazwa mwaka 1993, na Patagotitan aliyetangazwa mwaka 2017, mwenye urefu wa mita 37 hivi na uzito unaokadiriwa kati ya tani 57 na 69. Nao pia wanashindwa. Anayewashinda wote yuko hai leo, yuko baharini, na anakula uduvi.

Nyangumi buluu hufikia mita 30 na zaidi. Waliopimwa wakubwa kabisa walifika mita 33. Uzito wake hupita tani 150. Ndama wake akizaliwa ana mita 7 na zaidi ya tani mbili, yaani mtoto mchanga mwenye uzito wa kiboko mkubwa. Moyo wa nyangumi mmoja aliyekufa ufukweni Newfoundland, Kanada, mwaka 2014 ulihifadhiwa, ukapimwa kilo 180 hivi. Kati ya wanyama wote tunaowajua, wa kale na wa sasa, hakuna aliyethibitika kumpita kwa uzito. Mwaka 2023 watu walidhani wamempata: nyangumi wa kale kutoka Peru, Perucetus, akatangazwa kuwa huenda alifika tani 340. Magazeti yakaandika. Mwaka 2024 wengine wakarudia hesabu, wakamshusha hadi kati ya tani 60 na 114. Ndiyo maana nawaambia vijana, mnyama mpya akitangazwa kuwa mkubwa kuliko wote, mpe mwaka mmoja kabla hujamsifu.

(Nyangumi wanaopita kwenu Lindi na Mtwara, na kule Watamu, kati ya Julai na Septemba, wengi si hao. Ni jamii yenye nundu ndogo mgongoni na mapezi marefu kama mbawa, mita 13 au 15. Si haba.)

Kwa hiyo video imekosea tangu sentensi ya kwanza. Dunia haijachoka: jitu kubwa kuliko yote waliowahi kuwepo limezaliwa wakati wetu. Lakini swali la mtoto ni zuri kuliko video, maana yeye anauliza kwa nini. Hapo nitaomba mche wa sabuni.

Kata mche huo vipande vya pande sawa, kama dadu. Kipande kimoja kiweke mezani: huyo ni mnyama mdogo. Sasa jenga dadu kubwa lenye urefu mara mbili. Utahitaji vipande vinane, lakini vinavyogusa meza ni vinne tu. Mnyama amekuwa mrefu mara mbili, uzito umekuwa mara nane, na nyayo na unene wa miguu vimekuwa mara nne. Kila sehemu ya mguu sasa inabeba mara mbili ya ilivyokuwa ikibeba. Mkuze tena mara mbili, mzigo unaongezeka tena. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638: ukitaka kumkuza mnyama bila kubadili umbo lake, mifupa itamsaliti. Ndiyo sababu mguu wa swala ni kijiti na mguu wa tembo ni nguzo. Panya akianguka kutoka kwenye paa anajikung'uta na kukimbia. Tembo akianguka kimo hichohicho hainuki.

Ukiijua hesabu ya sabuni, kila jitu linakuwa fumbo: amelipaje deni lile? Nyangumi amelipa kwa kuhamia majini, ambako maji yanambeba. Ukimtoa pwani anabanwa na uzito wake mwenyewe. Mjusi wa Tendaguru alilipa kwa ujanja mwingi mdogomdogo, na ndio unaonifurahisha zaidi, kwa kuwa yeye alibaki nchi kavu.

Kwanza, pingili za shingo yake zilikuwa na vyumba vya hewa ndani. Ukivunja mfupa wa juu wa bawa la kuku utakuta uwazi; kuku na ndege wengi wana vifuko vya hewa vilivyounganishwa na mapafu na kupenya hadi mifupani, na dinosaria wa shingo ndefu walikuwa na mpango huohuo. Shingo ile ndefu ilikuwa nyepesi kuliko inavyoonekana. Pili, hakutafuna. Tembo ana kichwa kizito kwa sababu ana meno ya kusagia makubwa kama matofali na misuli ya kuyaendesha, naye hushinda zaidi ya nusu ya siku akila. Mjusi alikwanyua majani, akameza, kazi ikaishia tumboni. Kichwa kikawa kidogo, na kichwa kidogo ndicho kinachowezesha shingo ndefu. Jaribu kushika fagio kwa ncha, halafu ulishike hilohilo ukiwa umefunga tofali upande wa pili. Tatu, kwa shingo hiyo alisimama mahali pamoja na kula eneo zima bila kuutembeza mwili wa tani 30.

Ya nne haizungumzwi sana: alitaga mayai. Tembo jike hubeba mimba miezi 22, anazaa mmoja, ananyonyesha miaka. Kadiri mamalia anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyozaa polepole, na kundi likipatwa na ukame au ugonjwa linachelewa kujaza pengo. Mjusi alitaga mayai mengi, watoto wakatoka wadogo, wengi wakaliwa, wachache wakakua haraka sana. Jamii yake ingeweza kuyumba na kuinuka tena. Nadhani hiyo ndiyo sababu mamalia wa nchi kavu hawakuwahi kuwafikia hawa mijusi. Mkubwa wao mmoja, Paraceratherium, kifaru asiye na pembe aliyeishi Asia miaka milioni 30 hivi iliyopita, alifika tani 15 hadi 20 akaishia hapo.

Sasa "kila mnyama wa zamani alikuwa jitu". Hili ni kosa la hesabu, nalo ni la kawaida hata kwa wasomi. Mifupa mikubwa haiozi upesi, haichukuliwi na maji kirahisi, na mtu anayepita anaiona. Mifupa ya mjusi wa ukutani inasagika. Kwa hiyo kumbukumbu ya ardhi inawapendelea wakubwa. Juu ya hapo, video inachukua bingwa mmojammoja kutoka miaka milioni 300 na kuwapambanisha na wanyama wa leo jioni. Ni sawa na kuokota wachezaji bora wa miaka yote ya ligi, uwachezeshe na timu ya wiki hii, halafu useme mpira umekufa.

Na wadogo walikuwepo tele. Hata ardhi yetu imewatoa, tena wengine wana majina ya Kiswahili, jambo ambalo video ya mjomba haikulisema. Mwaka 2010 alitangazwa Pakasuchus kapilimai kutoka bonde la Rukwa: mamba mwenye ukubwa wa paka, miguu mirefu, na meno ya kutafunia kama ya mamalia. Jina la kwanza ni "paka" na neno la Kigiriki la mamba. La pili ni heshima kwa marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka huohuo akatangazwa Asilisaurus kongwe kutoka kusini mwa Tanzania, ndugu wa karibu wa dinosaria aliyewatangulia, na mwili wake ulikuwa kama wa mbwa. Mwaka 2017 akaja Shingopana, ambaye huhitaji kamusi. Mwaka 2019 akaja ninayempenda kuliko wote: Mnyamawamtuka moyowamkia. Ndiyo, andika hivyohivyo, kwa pamoja. Mtuka ni mto kule kusini-magharibi alikochimbwa, na pingili za mkia wake, ukizitazama kwa nyuma, zina umbo la moyo. Alikuwa wa ukoo wa yale majitu ya Argentina lakini kwa ukoo huo yeye ni mdogo.

Wakenya nao wana wao. Simbakubwa kutokaafrika alitangazwa mwaka 2019, na si simba hata kidogo. Ukoo wake ulitoweka bila kuacha mjukuu. Aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita magharibi mwa Kenya, na taya lake lilikaa kwenye droo ya makumbusho ya Nairobi miongo kadhaa kabla ya mtu kulifungua na kustuka. Makadirio ya uzito wake yametawanyika mno, kutoka kilo 280 hadi 1,500, kwa kuwa mwili mzima hatunao. Ukisikia mtu anasema kwa uhakika kwamba alikuwa mkubwa kuliko dubu wa barafu, jua amechagua namba ya juu. Meno yale lakini si ya kubishania.

Kuna kundi moja ambalo kweli wa leo wamesinyaa: wadudu na jamaa zao. Miaka milioni 300 hivi iliyopita, Ufaransa ilikuwa na kereng'ende Meganeura, upana wa mbawa sentimita 65 hivi, kama njiwa. Na Uingereza ilikuwa na jongoo. Mwaka 2018 jabali liliporomoka kwenye ufuko wa Northumberland, likapasuka, na ndani yake kukawa na kipande cha Arthropleura. Waliompima wakamkadiria zaidi ya mita 2 na nusu na kilo 50. Methali inatuambia jongoo hapandi mtungi, na nafikiri huyu mtungi angeuvunja.

Sababu inayotajwa sana ni hewa. Mdudu hana mapafu kama yetu; hewa inaingia kwa matundu ubavuni na kusambaa kwa vijirija hadi kwenye nyama. Akiwa mkubwa mno, oksijeni haifiki ndani kwa wakati. Zama zile za misitu ya vinamasi, oksijeni hewani ilipanda ikapita asilimia 30, na leo ni 21. Maelezo mazuri, ila yule jongoo wa Northumberland aliishi kabla oksijeni haijafika kileleni, kwa hiyo hewa peke yake haitoshi. Huenda nafasi ilikuwa wazi tu: chakula kingi, na bado hakuna mnyama mwenye mifupa wa kumsumbua ukubwani. Leo bingwa wa nchi kavu katika ukoo mpana wa wenye magamba na miguu ya viungo ni kaa wa nazi. Mjukuu akifika Zanzibar, kisiwani Chumbe, atamwona usiku: miguu ikitanuliwa hufika karibu mita moja, kilo zake ni hadi nne, na koleo lake linapasua nazi. Huyo kaa akiwa mzima ukimtumbukiza baharini anakufa maji.

Joto pia huchangia kwa wanyama wa damu baridi. Kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Cerrejón, Kolombia, kulipatikana pingili za nyoka Titanoboa, aliyetangazwa mwaka 2009: mita 13 hivi, zaidi ya tani moja, aliyeishi miaka milioni 60 hivi iliyopita. Chatu wetu mkubwa anafika mita 5 au 6. Nyoka hajipashi joto mwenyewe, na nyoka wa kiasi kile alihitaji nchi yenye joto kuliko Lindi ya mwezi wa Machi.

Kisha kuna majitu ambao hatukuchelewa kwa mamilioni ya miaka. Tumewakosa kidogo tu. Vuka maji hapo mbele yenu uende Bukini, yaani Madagaska. Palikuwa na ndege asiyeruka, Aepyornis, kimo cha mita 3, uzito unaopita nusu tani, na yai lake lilijaa lita 9 hivi. Palikuwa na komba wakubwa kama sokwe, na viboko wadogo kuliko wa Rufiji. Visiwa vina tabia hiyo: vinamkuza mdogo na kumpunguza mkubwa. Ndege yule alitoweka miaka 1,000 hivi iliyopita, watu wakiwa tayari wamefika. Marco Polo alisimulia kwamba kusini huko, kuelekea Bukini, kuna ndege rukh anayeinua tembo kwa makucha, na mimi huwa nafikiri kuna baharia alipata kushika yale mayai kwa mikono miwili, akarudi bandarini na kujaza mengine mwenyewe.

Hata mabara yamepoteza majitu yake hivi karibuni kwa hesabu ya ardhi. Amerika ilikuwa na tembo wa aina mbalimbali na wanyama wa ukubwa wa tembo wenye kucha ndefu. Australia ilikuwa na mamalia wa mfuko wa zaidi ya tani mbili. Karibu wote wamekwisha ndani ya miaka 50,000, kwa mchanganyiko wa hali ya hewa na mikuki. Afrika imebaki na wengi kuliko bara lolote. Sababu inayoniridhisha ni kwamba tembo na kifaru wa hapa walijifunza kumwogopa binadamu tangu binadamu akiwa bado dhaifu, ilhali wa kule walimwona kwa mara ya kwanza akiwa fundi tayari. Sisi tunawaona wa kawaida kwa sababu tumezaliwa nao. Ukimtazama pimbi juu ya jabali, yule mfupi ambaye vijana wanamtumia kutukana wenzao, unamtazama ndugu wa tembo. Pamoja na nguva, hao watatu ni tumbo moja la kale.

Na kwa kuwa najua video inayofuata kwenye simu ya mjomba: papa megalodoni hayuko hai. Alikuwa kweli, jino lake moja linajaza kiganja, alitoweka zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita. Samaki mkubwa kuliko wote leo ni papa potwe, yule wa madoa ambaye pwani wengine humwita papa shilingi. Nendeni Kilindoni, Mafia, kati ya Oktoba na Machi. Anafungua kinywa cha upana wa mlango na kuchuja vidagaa na viumbe usivyoweza kuviona bila hadubini.

Haya, twende kwa babu.

Silikanti walijulikana kwanza kama alama kwenye mawe, na mawe hayo yaliishia zama za dinosaria. Yote ya baadaye hayakuwa na samaki huyo. Wataalamu wakaandika kwamba ametoweka miaka milioni 66 iliyopita au zaidi. Tarehe 22 Desemba 1938, katika bandari ya East London, Afrika Kusini, mhifadhi wa makumbusho ndogo ya mji, Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa kutazama samaki wa meli moja ya uvuvi. Akaona pezi la rangi ya buluu chini ya rundo. Samaki alikuwa na mita moja na nusu, magamba kama vigae, na mapezi yaliyokaa juu ya vikonyo vya nyama kama mikono mifupi. Dereva wa teksi hakutaka kumpakia kwa ajili ya harufu. Bibi yule akashinda, akachora mchoro, akautuma kwa mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith, na leo jina la samaki ni Latimeria.

Smith alimtafuta wa pili miaka 14, akisambaza vipeperushi vya zawadi ya pauni 100. Alipatikana mwaka 1952 kwenye visiwa vya Komoro, kwa usahihi zaidi kisiwani Nzwani, ambako wavuvi walishangaa kusikia kwamba ni mpya. Walikuwa na jina lake, gombessa. Kumbe mtu pekee aliyedhani samaki huyo amekufa ni yule aliyesoma.

Kwetu Tanzania alianza kunaswa mwaka 2003, Songo Mnara karibu na Kilwa, na muda mfupi baadaye wakafuatana kule Tanga, pande za Kigombe. Chanzo kinajulikana na mzee wako anakijua kuliko mimi: papa wa karibu walipopungua, jarife, zile nyavu za papa, zikaanza kutegwa kwenye kina kirefu zaidi, na kina hicho, mita 100 na kuendelea, ndipo silikanti hushinda mchana mapangoni. Mwaka 2009 eneo la Tanga likatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake.

Ana mengine yanayostahili kuzidi umri wake. Hatagi mayai: mwaka 1991 jike aliyenaswa Msumbiji alikutwa na watoto 26 tumboni. Utafiti wa mwaka 2021 uliosoma miduara kwenye magamba, kama unavyosoma ya mti, ulikisia kwamba anaishi karibu miaka 100 na hubeba mimba miaka mitano. Mbele ya hiyo, tembo ana haraka. Ndiyo maana kila jike anayekufa kwenye jarife ni hasara ya muda mrefu.

Jambo moja umsahihishe babu kwa adabu, kama akisema silikanti ndiye samaki aliyetuzaa sisi wenye miguu. Mwaka 2013 chembe zake za urithi zilisomwa zote, na ikaonekana aliye karibu nasi zaidi ni kambare mamba, yule ambaye kwenye Ziwa Victoria wanamwita kamongo, anayepumua kwa mapafu na kujifukia kwenye tope wakati wa kiangazi. Kamongo naye ni jitu kwa njia yake: maandishi ya urithi ndani ya seli yake moja ni marefu zaidi ya mara kumi kuliko yetu, na mengi ni marudio matupu.

Babu akipata kumpandisha silikanti, na akiwa tayari amekufa, asimtupe wala asimkate. Amtie kwenye barafu na kutoa taarifa kwa ofisa uvuvi. Mezani hatawakosesha kitu. Nyama yake imejaa mafuta ya aina ya nta, na watu wa Nzwani, waliomjua kabla ya maprofesa wote, walijua pia kwamba anayeila hukesha chooni.